Oduya: Kitasa mwenye damu ya Kenya aliyebeba ndoo mara mbili kwenye barafu

Na Mwandishi Wetu

NI alfajiri ya Jumanne, Juni 25, 2013. Dar es Salaam watu wanagombania daladala, Nairobi wanagombania matatu. Kule Boston, Marekani, bado ni Jumatatu usiku na ukumbi wa TD Garden umefurika. Hakuna aliyekaa.

Wenyeji Boston Bruins wanaongoza 2-1 dhidi ya Chicago Blackhawks. Ni fainali ya Ligi Kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL. Fainali ya wenzetu haichezwi mara moja ikaisha. Wanakutana mpaka mara saba, na wa kwanza kushinda mechi nne ndiye bingwa. Hii ni ya sita na Chicago wameshinda tatu. Boston wakiulinda ushindi huu, inakuwa 3-3 na kila kitu kinaamuliwa kwenye mechi ya saba.

Inabaki dakika moja na sekunde kadhaa. Kocha wa Chicago, Joel Quenneville, anamtoa kipa na kumuingiza mshambuliaji wa ziada, jambo linaloruhusiwa kwenye mchezo huo. Lango liko wazi, ni kufa au kupona. Bryan Bickell anasawazisha. Ubao unasoma 2-2.

Boston hawajakaa sawa, Chicago wamerudi tena langoni kwao. Kisahani kinaangukia kwa beki wa kushoto, jezi namba 27. Jamaa hafikirii mara mbili, anaachia shuti. Kinaparazwa njiani, kinagonga mwamba, kinarudi mchezoni. Dave Bolland yuko palepale, anasukumia kambani. 3-2!

Kutoka bao la kwanza mpaka la pili zimepita sekunde 17 tu. Boston waliokuwa wanawaza mechi ya saba, sasa wanatazama wageni wakibeba ndoo nyumbani kwao.

Picha zote za usiku ule zilikuwa za Bickell na Bolland. Ni haki yao, wao ndio waliotupia. Lakini yule beki aliyepiga shuti lililogonga mwamba anaitwa Johnny Oduya. Ndiyo, Oduya. Jina ambalo ukilitaja magharibi mwa Kenya hakuna atakayekuuliza linatoka wapi.

Baba yake ni Mkenya.

HOKI KWA MTU WA MPIRA

Kabla hatujamfuata Oduya, tuelewane kwanza kuhusu kazi aliyokuwa anaifanya, maana wengi wetu hoki ya barafu tunaiona kwa bahati mbaya tukiwa tunabadilisha chaneli.

Uwanja ni barafu yenye urefu wa mita 61 na upana wa mita 26. Uweke pembeni ya uwanja wa Benjamin Mkapa utauona kama ukumbi wa harusi. Umezungushiwa ukuta na vioo, hivyo hakuna mpira wa kurusha. Kinachogombaniwa ni kisahani kigumu cha raba chenye gramu 170 hivi, na mafundi wa kupiga wanakiachia kwa kasi inayovuka kilomita 160 kwa saa. Wachezaji wamevaa viatu vyenye visu chini, mkononi kila mmoja ana gongo.

Kila timu inaingiza watu sita: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Mabeki wawili tu! Hakuna kiungo mkabaji wa kukufunika, hakuna wa kumlaumu. Kumpiga mwenzako kikumbo cha bega mpaka ukutani ni halali, ilimradi ndiye mwenye kisahani na umemfuata kihalali.

Mabadiliko hayana idadi. Mchezaji anaingia, anakimbia kama mwehu kwa sekunde 45 hivi, anarudi benchi kuvuta pumzi, anaingia mwingine bila mwamuzi kupuliza filimbi. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Beki anayeaminiwa anaweza kucheza dakika 20 kati ya hizo 60, na msimu wa kawaida una mechi 82 kabla hata ya mtoano kuanza.

Ukicheza rafu unakwenda kukaa kwenye kibanda dakika mbili, timu yako inacheza pungufu. Hapo ndipo kocha anatafuta watu wa kazi chafu: wa kujitupa mbele ya mashuti, kuziba njia na kuondoa hatari. Oduya alikuwa mmoja wa watu hao karibu kila klabu aliyopita.

Sasa fikiria takwimu za mtu wa aina hii. Katika misimu yake yote 12 ya NHL, hakuna hata mmoja aliofikisha mabao 10. Ukimpima kwa mabao utasema ni mchezaji wa kawaida sana. Kazi yake ilikuwa mabao ambayo hayakufungwa, na hayo hakuna mtu anayeyaandika.

MTOTO WA STOCKHOLM

Johnny Oduya alizaliwa Oktoba 1, 1981, Stockholm, Sweden. Mama ni Mswidi, baba ni Mkenya. Kwa Waswidi hoki ni kama mpira kwetu, mtoto anawekwa kwenye barafu bado meno ya utoto hayajaisha.

Nyumbani kulikuwa na mfano wa kuigwa. Kaka yake, Fredrik, aliyemzidi miaka sita, naye alikuwa mchezaji wa hoki. Mwaka 1993 Fredrik alichaguliwa na San Jose Sharks ya NHL, akaenda kuzunguka kwenye ligi za chini za Amerika Kaskazini. Alipambana miaka mingi, lakini mlango wa NHL haukufunguka. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi ile.

Mdogo mtu akafuata njia ileile. Akiwa bado kijana mdogo, alipanda ndege kwenda Canada kucheza ligi ya vijana ya Quebec, kwanza Moncton Wildcats, kisha Victoriaville Tigres. Ni ligi ngumu, ya mabasi ya masafa marefu na ubabe mwingi. Kijana wa Kiswidi mwenye ngozi nyeusi huko hakosi macho ya watu.

Ikafika siku ya klabu za NHL kugawana chipukizi, mwaka 2001. Mtindo wao ni huu: klabu zinaita majina kwa zamu, raundi kwa raundi, na mchezaji hachagui pa kwenda. Wa kwanza anakuwa tajiri siku hiyohiyo. Oduya aliitwa na Washington Capitals kwenye raundi ya saba. Alikuwa mtu wa 221.

Mia mbili ishirini na moja! Ukiitwa nafasi hiyo ni kama wamekukumbuka wakati wanazima taa. Na kweli, Washington hawakumpa mkataba. Kijana akafunga begi, akarudi nyumbani.

KUANZA CHINI UPYA

Wengi hapa ndipo hadithi zao zinaishia. Unajua tena, ukirudi kutoka majaribio Ulaya mtaani wanaanza kukuita 'profesheno' kwa kejeli, nawe unaanza kuamini kwamba bahati imekupita.

Oduya alikwenda Hammarby ya hapohapo Stockholm, iliyokuwa daraja la pili. Akapiga kazi misimu miwili. Mwaka 2003 Djurgården wakamvuta ligi kuu.

Jina la Djurgården si geni kwa watu wa mpira wa huku. Ni klabu ya michezo mingi, na upande wake wa soka ndiko alikopita Michael Olunga mwaka 2016 akifumania nyavu kabla ya kutimkia China. Wakenya waliomshangilia Olunga na jezi ile ya bluu pengine hawakujua kwamba upande wa hoki wa jina hilohilo alishapita mwenye damu ya kwao, miaka zaidi ya kumi nyuma.

Msimu wa 2004-05 NHL ilifutwa wote kwa sababu ya mvutano wa pesa kati ya wamiliki na wachezaji. Mastaa wakatawanyika Ulaya kutafuta pa kuchezea, na wengi wakatua Sweden. Ghafla beki aliyeachwa na Washington anakutana uso kwa uso kila wiki na watu wa ligi iliyomkataa. Hakuogopa.

Mwaka uliofuata akaenda Frölunda ya Gothenburg na kufika nayo fainali ya Sweden. Walipoteza, lakini maskauti walishaona walichotaka. Kiangazi cha 2006 New Jersey Devils wakamsainisha.

Oktoba mwaka huo akacheza mechi yake ya kwanza NHL. Alikuwa ametimiza miaka 25 siku chache tu zilizopita. Wenzake aliochaguliwa nao 2001 wengine walishakuwa na misimu mitatu ya ligi hiyo, wengine walishatemwa.

Langoni nyuma yake alisimama Martin Brodeur, kipa mwenye ushindi mwingi kuliko yeyote katika historia ya NHL. Kwenye benchi alikuwepo kocha Claude Julien. Lishike jina hilo, tutakutana nalo.

ALIVYOTUMIKA KAMA CHENJI

New Jersey alidumu misimu mitatu na nusu, akawa beki wa kutegemewa. Akaitwa timu ya taifa ya Sweden kwa ajili ya Olimpiki ya Vancouver ya Februari 2010. Mambo yalikuwa yananyooka.

Februari 4, 2010, siku chache kabla ya Olimpiki kuanza, simu ikaita. Ameuzwa.

NHL mchezaji wa kawaida hana sauti kwenye uhamisho. Hakuna kukaa na wakala kujadili maslahi binafsi. Klabu mbili zinakubaliana, wewe unaambiwa timu yako mpya na saa ya ndege. New Jersey walikuwa wanamtaka mfungaji hatari wa Atlanta Thrashers, Mrusi Ilya Kovalchuk. Ili wampate wakatoa kifurushi cha wachezaji, na Oduya akiwa ndani yake.

Magazeti yote yalimwandika Kovalchuk. Oduya alikuwa kama chenji iliyorudishwa dukani.

Atlanta kwenyewe hakukuwa na amani. Timu ilikuwa haifuzu mtoano na mashabiki hawajai. Mwaka 2011 klabu nzima ikauzwa na kuhamishiwa Winnipeg, Canada, ikapewa jina jipya la Jets. Watu wa Mbeya walioamka siku moja na kukuta Ihefu yao imekuwa Singida Black Stars wanaelewa maumivu ya mashabiki wa Atlanta. Kwa mchezaji ni kuhama kutoka mji wa joto kwenda mji ambao Januari pumzi inakugandia puani.

Mwaka huohuo wa 2011 lilimpata kubwa kuliko yote. Kaka yake, Fredrik, alifariki kwa ajali ya pikipiki. Alikuwa na miaka 36. Yule aliyetangulia njia, akagonga mlango wa NHL bila kufunguliwa, aliondoka kabla ya kushuhudia mdogo wake alikofika.

Februari 2012 simu ikaita tena. Safari hii Winnipeg wamemuachia aende Chicago Blackhawks, wao wachukue nafasi mbili za kuchagua chipukizi mwaka unaofuata. Yaani alibadilishwa na watoto ambao hata majina yao yalikuwa bado hayajulikani.

Miezi 16 baadaye alikuwa bingwa.

MECHI 24 BILA KUFUNGWA

Chicago walikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kazi upande wa kushoto. Duncan Keith na Brent Seabrook walikuwa mabeki wa majina makubwa. Quenneville akamchukua Oduya, akampanga na Mswidi mwenzake Niklas Hjalmarsson, akawapa kazi ambayo hakuna anayeililia: kuwakaba washambuliaji bora wa timu pinzani, kila usiku.

Msimu wa 2012-13 ulifupishwa mpaka mechi 48 kwa mvutano mwingine wa wamiliki na wachezaji. Chicago walianza kwa mechi 24 bila kufungwa ndani ya dakika 60 za kawaida, rekodi ya ligi kwa kuanza msimu. Mbele walikuwa wanasifiwa Patrick Kane na Jonathan Toews. Nyuma walikuwepo watu waliokuwa wanahakikisha bao moja la Kane linatosha.

Kwenye mtoano haikuwa mteremko. Detroit waliwabana mpaka 3-1 kwenye raundi ya pili, Chicago wakapindua na kushinda mechi ya saba katika muda wa nyongeza. Wakafika fainali na Boston.

Na kocha wa Boston alikuwa nani? Claude Julien. Yuleyule aliyekuwa kwenye benchi la New Jersey mwaka 2006, Oduya alipovaa jezi ya NHL kwa mara ya kwanza.

Mechi ya kwanza ya fainali, Chicago walikuwa nyuma 3-1 kipindi cha tatu. Bolland akapunguza. Kisha Oduya akaachia shuti kutoka mbali, likamgonga beki wa Boston na kubadili njia, likatinga. 3-3. Mechi ile ilikwenda mpaka nyongeza ya tatu ndipo Andrew Shaw akamaliza kazi. Beki asiyefunga alikuwa ameokoa mechi ya kwanza ya fainali. Siku 12 baadaye, kwenye mechi ya sita, shuti lake ndilo lililozaa bao la ubingwa.

Unaweza kusema ni bahati, mashuti yote mawili yaliparazwa. Sawa. Lakini mwenye bahati ni yule aliyethubutu kupiga. Ukiwa beki, umebakiza dakika moja, ukapoteza kisahani pale ulipo, wanaondoka na wewe moja kwa moja. Beki wa kawaida anarudisha nyuma, anasubiri muda wa nyongeza. Oduya alipiga.

Kikosi kile kilikuwa na watu weusi watatu: Oduya, kipa Ray Emery na mshambuliaji Jamal Mayers. Na walishangilia katika mji uleule wa Bruins, klabu iliyomchezesha Willie O'Ree mwaka 1958, mtu mweusi wa kwanza kabisa kucheza NHL.

MWAKA WA KULIA, MWAKA WA KUCHEKA

Mpira ni ule ule, uwe wa ngozi au wa raba: haukuachi ulale na furaha moja muda mrefu.

Februari 2014 Oduya alikuwa Sochi, Urusi, na timu ya taifa ya Sweden kwenye Olimpiki. Wakafika fainali. Canada wakawafunga 3-0. Medali ya fedha, ambayo wachezaji wengi huivaa huku wanatazama chini.

Juni 1 mwaka huohuo, nusu fainali ya NHL, Chicago na Los Angeles Kings wako mechi ya saba, muda wa nyongeza, Chicago wakiwa nyumbani. Alec Martinez, beki wa Los Angeles, anapiga shuti. Linamgonga beki wa Chicago, Nick Leddy, linabadili njia, linaingia. Kwaheri.

Soma tena hapo juu. Mwaka mmoja nyuma shuti la beki lililoparazwa liliwapa ubingwa. Sasa shuti la beki lililoparazwa limewatoa. Wenye mpira wanajua, deni linalipwa.

Mwaka 2015 wakarudi. Raundi ya pili beki wao Michal Rozsival akavunjika kifundo cha mguu, na kocha akajikuta hana imani na waliobaki benchi. Akaamua kuwatumia mabeki wanne kubeba karibu mzigo wote: Keith, Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Nusu fainali dhidi ya Anaheim kuna mechi ilikwenda mpaka nyongeza ya tatu, ndefu kuliko zote katika historia ya klabu hiyo. Ni kama kucheza mechi mbili kwa usiku mmoja, halafu keshokutwa unaingia tena.

Kwenye fainali na Tampa Bay Lightning, Oduya aliumia mechi ya tatu. Akatoka, akarudi. Akaendelea kucheza na maumivu mpaka mwisho, maana wanne wakiwa watatu hesabu inakataa.

Juni 15, 2015, mechi ya sita, United Center, Chicago. Keith anafunga la kwanza, Kane la pili. 2-0. Tampa Bay, timu iliyofunga mabao mengi kuliko zote msimu ule, imetoka bila bao. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1938 Chicago kutwaa ubingwa mbele ya mashabiki wao.

Waulize waliotazama mechi ile Oduya alifanya nini. Wengi hawatakuwa na jibu. Na hilo ndilo jibu lenyewe.

MWISHO WA KITASA

Mapambo yakishavuliwa, biashara inarudi. NHL ina kikomo cha mishahara, na bingwa hawezi kubaki na kila mtu. Kiangazi hichohicho Oduya akasaini Dallas Stars miaka miwili kwa dola milioni 7.5. Msimu wa kwanza Dallas waliongoza ukanda wa Magharibi, wakatolewa na St. Louis kwenye mechi ya saba ya raundi ya pili.

Februari 2017 Chicago wakamrudisha nyumbani, wakiamini mtu wao wa kazi bado yupo. Lakini miguu ilikuwa imeanza kuandika barua ya kuacha kazi. Nashville Predators wakawatoa raundi ya kwanza kwa mechi nne bila majibu.

Akasaini Ottawa Senators mwaka mmoja kwa dola milioni moja. Februari 2018 Ottawa wakamuweka sokoni, Philadelphia Flyers wakamuokota. Akawachezea mara moja tu. Akiwa na miaka 36, ikawa basi.

Hakukuwa na mechi ya kumuaga wala kulia hadharani. Alitoka kama alivyoingia, mlango wa nyuma. Katikati aliacha zaidi ya mechi 800 za NHL, mataji mawili na medali ya Olimpiki. Hii ni kazi ya mtu aliyechaguliwa wa 221.

TUNAMUWEKA WAPI?

Tukiorodhesha wenye damu ya Kenya waliogusa mataji makubwa ya dunia kwenye michezo ya timu, tunaanza na McDonald Mariga na Inter Milan yake ya 2010. Kisha tunaruka mpaka Divock Origi na bao lake la dakika ya 87 dhidi ya Tottenham, Liverpool wakibeba Ligi ya Mabingwa Juni 1, 2019. Katikati tunaacha shimo. Hapo katikati kuna mtu aliyebeba ubingwa wa NHL mara mbili.

Tuwe wakweli. Oduya hakuwahi kuichezea Kenya. Ni Mswidi, alilelewa na barafu ya Stockholm na jasho lake alilitoa kwa taifa lile. Hatuna haki ya kumdai, kama ambavyo Origi ni Mbelgiji na baba yake Mike Okoth ndiye aliyeitumikia Harambee Stars. Kinachouma ni kwamba mshambuliaji tulimtambua mara moja, beki tukampita.

Ndiyo tabia yetu kwenye mpira. Mtoto akifunga, mtaa mzima unalijua jina lake. Mtoto anayezuia anajulikana siku atakapokosea. Makocha wa vijana wanalalamika kila siku kwamba wakiwapanga watoto, kumi wanataka kuwa namba tisa, na anayebaki anapelekwa beki kama adhabu.

Huyo anayepelekwa beki kama adhabu asimuliwe habari ya Oduya. Aambiwe kuna mtu aliyeachwa na klabu, akarudi daraja la pili, akatumika kama chenji kwenye biashara ya mfungaji, akamzika kaka yake, na bado akawa kwenye barafu wakati ndoo inaamuliwa.

Nairobi nako barafu ipo. Kwenye hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, kuliwekwa uwanja mdogo wa ndani, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 vijana wake walipelekwa Canada na kucheza bega kwa bega na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Vijana hao walikuwa wanakosa hata timu nyingine nchini ya kucheza nayo.

Kombe la Stanley, ndoo ya NHL, lina desturi moja ambayo mpira wetu hauna. Kila bingwa, jina lake linachongwa kwenye fedha ya kombe lenyewe, herufi kwa herufi, si jina la klabu peke yake. Mfungaji na aliyezuia wanaandikwa kwa ukubwa mmoja.

Kwenye fedha ile, chini ya Chicago 2013 na tena chini ya Chicago 2015, limeandikwa jina la Oduya.